Mazutu yaliyopotea kwa saa moja

Kila Jumapili jioni ujumbe unaingia katika grupu ya WhatsApp ya kampuni: "Mkutano kesho saa 8." Na kila Jumapili jioni mtu mmoja wa Lubumbashi anajibu: "Ya kwenu ao ya kwetu?" Anayeuliza ana haki. Kinshasa na Lubumbashi ziko nchi moja lakini haziko saa moja. Sisi wa Lubumbashi tuko mbele kwa saa nzima, pamoja na Kasai, Kivu na upande wote wa mashariki. Ikigonga saa 8 Kinshasa, huku ni saa 9, na mtu amekwisha kunywa chai akasahau kama alikunywa.

Naanza na swali hilo kwa sababu kisa chote kimo ndani yake, nami nililisoma Jumapili baada ya Jumapili bila kuliona. (Saa zote humu naziandika kama mashini inavyoziandika, kuanzia usiku wa manane hadi 24. Wasomaji wa pwani wanisamehe.)

Kampuni ni ya usafirishaji, na jina lake halitusaidii kitu hapa. Wakubwa wako Kinshasa. Malori yako kwetu, katika yadi nje ya mji upande wa barabara ya Likasi. Yanapanda Kolwezi, kilomita kama 300, yanapakia shaba, yanashuka hadi mpaka wa Kasumbalesa, kisha yanarudi nyumbani. Kwa mzunguko huo kila lori linapewa boni, yaani karatasi ya kuchukulia mafuta, ya lita 400 za mazutu (ndivyo tunavyoita dizeli), si zaidi si pungufu. Yadini kuna tanki lililosimama juu ya ardhi, pompa moja, kibanda cha mbao chenye kompyuta, na mzee anayetunza depo. Sote tunamwita Papa tu.

Mimi ni mchambuzi wa biashara. Kwa mkataba, kazi yangu ni kusikiliza watu wanataka nini, kuyaandika yaeleweke kwa wanaotengeneza programu, na kusoma takwimu niseme zinasema nini. Kwa vitendo, mimi ndiye ninayeitwa projekta ikikataa kuwaka. Mama wa uhasibu, ambaye amekaa kwenye kampuni hii kuliko samani zake, aliwahi kunitambulisha kwa mgeni hivi: "Huyu njo mutoto yetu wa Excel." Sikumrekebisha. Ningeanzia wapi?

Sasa mazutu. Tangu sistemu mpya iingie, kila boni inaingizwa na pompisti kwenye kompyuta ya kibanda, na takwimu zinakwenda moja kwa moja kwenye seva, kompyuta kuu inayozihifadhi, Kinshasa. Papa naye hakuacha buku lake. Usiku wa manane anapanda ngazi ya tanki, anateremsha fimbo ya kupimia, anasoma, anapiga mstari kwenye ukurasa na kujumlisha lita zilizotoka siku hiyo. Kwa hiyo kila siku ina namba mbili: ya buku, ambayo fimbo inaithibitisha, na ya sistemu, ambayo ni jumla ya boni zilizoingizwa. Zikilingana, kila tone lililotoka lilikuwa na karatasi yake. Buku likizidi sistemu, kuna mazutu yaliyotoka bila boni, na bila boni maana yake unaijua.

Mkurugenzi wa fedha aliniagiza dashibodi, ukurasa wa skrini unaoonyesha takwimu kwa mtazamo mmoja. Maneno yake nayakumbuka: "Nataka nione hasara, na nione nyekundu." Nikatengeneza. Buku likizidi sistemu, siku inageuka nyekundu na lita zinaonekana kwa herufi kubwa. Sistemu ikizidi buku, hakuna hasara, siku inabaki kijani bila namba yoyote. Niliionyesha mkutanoni, watu wakapiga makofi, na mimi nikatembea wiki nzima kama mtu aliyejenga daraja.

Kisha ikafika Julai, na wiki moja ikawa hivi:

Jumatatu, kijani.
Jumanne, nyekundu, lita 800.
Jumatano, kijani.
Alhamisi, nyekundu, lita 800.
Ijumaa, nyekundu, lita 400.

Lita 2,000 kwa siku tano. Mkutano wa Jumatatu iliyofuata (saa 8 yao, saa 9 yetu) haukuwa na ajenda nyingine. Papa hakuwepo. Watu wa depo hawaalikwi kwenye mikutano ya video. Huu ni utaratibu ambao hakuna mtu aliyewahi kuuandika popote, lakini haujawahi kuvunjwa. Mmoja akapendekeza kamera. Mwingine akapendekeza Papa akatwe mshahara kidogo kidogo mpaka lita zirudi. Wa tatu alisema mzee amechoka, labda ni wakati wa kumshukuru. Mimi nilikuwa nashiriki skrini yangu, sauti inakatika, kila sentensi ninayoanza wananijibu "hatukusikii vizuri, endelea tu". Nikaishia na kazi moja: kuandaa slaidi ya hasara za mwezi mzima, kwa ajili ya DG, mkurugenzi mkuu.

Slaidi moja. Mzee anapoteza kazi, na kinachotakiwa kwangu ni slaidi.

Sikuwa na sababu ya kumtetea Papa zaidi ya kwamba namjua. Hiyo si hoja ya mchambuzi, na nilijua hivyo. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza kitu nikaenda kuchimba faili zenyewe, na hapo nikapoteza siku mbili kwenye shimo ambalo halikuwa lenyewe.

Shimo hilo nalieleza kwa sababu yeyote anayefanya kazi hii Kongo atalitumbukia siku moja. Sistemu yetu imetengenezwa kwa Kiingereza. Ikitoa faili, lita elfu moja na mia mbili inaziandika 1,200. Kompyuta zetu zimepangwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa koma ndiyo inayotenga desimali. Excel ikifungua faili hilo inaona 1,2, yaani lita moja na robo kasoro kidogo. Upande wa pili, namba iliyoandikwa kwa nukta, kama 385.5, Excel ya Kifaransa haiitambui kuwa namba. Inaiacha kama maandishi, na ukijumlisha safu, maandishi yanarukwa kimya kimya, bila onyo, bila rangi. Dalili ni ndogo sana: namba za kweli zinaegemea kulia kwenye kisanduku chake, maandishi yanaegemea kushoto. Nimekuwa mtu wa kutazama namba zimelalia upande gani kabla sijatazama zinasema nini. Wiki ile nilikuta nyingi zimelala kushoto, nikashangilia peke yangu, nikazirekebisha moja moja, umeme ukakatika kabla sijahifadhi, nikarudia. Jumla zikabadilika kwenye ripoti ya vipuri na ripoti ya matairi. Kwenye mazutu, hazikusogea hata lita moja. Dashibodi ilikuwa inasoma moja kwa moja kutoka kwenye seva, haipiti kwenye faili hizo kabisa. Ningelijua hilo kama ningekumbuka nilivyoijenga mwenyewe.

Kilichonifungua macho kilikuwa cha kipuuzi. Nilitaka kuchapa jedwali la wiki ile, na printa ya ofisi haina wino wa rangi tangu Pasaka. Nikaondoa rangi zote, na ili siku za kijani zisibaki visanduku vitupu, nikaweka tofauti halisi kila mahali, pamoja na pale ambapo sistemu imezidi buku. Karatasi ikatoka hivi: Jumatatu sistemu imezidi kwa 800. Jumanne imepungua 800. Jumatano imezidi 1,200. Alhamisi imepungua 800. Ijumaa imepungua 400.

Jumlisha. Sifuri.

Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Mwizi gani anaiba lita 800 Jumanne baada ya kuleta 800 zake Jumatatu? Na mwizi gani anaiba kwa mia nne kamili, kama boni? Mazutu ya wizi yanatoka kwa dumu la lita 20, kwa mpira unaovuja, kwa haraka. Yanaacha 37, yanaacha 112. Hizi zilikuwa boni nzima nzima, zinaondoka siku moja na kurudi siku nyingine. Mazutu hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yanahama siku. Na nusu ya ushahidi ilikuwa imefichwa chini ya rangi ya kijani niliyoipaka mimi. Niliombwa kuonyesha hasara, nikaonyesha hasara, na kilichoeleza hasara nikakifuta kwa sababu hakikuwa hasara. Katika kisa hiki nina malalamiko mengi juu ya wengine, lakini hilo ni langu peke yangu.

Bado sikujua yanahamaje. Ofisini jibu lisingepatikana, kwa hiyo usiku wa Alhamisi nikachukua pikipiki hadi yadini.

Julai ya Lubumbashi si mchezo. Mji uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku vipimo hushuka chini ya nyuzi 10. Papa alikuwa kibandani na koti juu ya koti, miguu karibu na mbabula, jiko letu la makaa, makala yamekwisha kushika moto. Nikamsalimu, "Jambo Papa." "Jambo sana, mwana. Banakutuma?" Nikamwambia hapana, nimekuja mwenyewe. Alinitazama kidogo, akanisogezea kiti cha plastiki.

Dakika kadhaa baada ya usiku wa manane malori yakaanza kuingia kutoka Kasumbalesa. Huo ndio wakati wao. Shofere anayerudi usiku anajaza kabla ya kulala, ili alfajiri asipange mstari. Pompisti akajaza la kwanza, akamletea Papa boni. Papa akaandika kwenye buku kwa Bic nyeusi: namba ya boni, namba ya lori, 400, na saa aliyoisoma kwenye saa ya mkononi, 00:17. Ukurasa ulikuwa mpya. Mstari wa kufunga siku alikwisha kuupiga dakika chache kabla, baada ya kushuka kwenye tanki. Pompisti akaingiza boni ileile kwenye kompyuta. Nikasimama nyuma yake. Alibonyeza, mstari ukaonekana kwenye skrini: namba ileile ya boni, lori lilelile, lita 400, saa 23:17. Tarehe ya jana.

Seva iko Kinshasa. Saa ya seva ni ya Kinshasa. Kila boni inayoingizwa hapa kati ya usiku wa manane na saa 1, kwa seva bado ni jana usiku. Kwa buku la Papa imekwisha kuwa leo. Malori mawili yakirudi ndani ya saa hiyo, lita 800 zinaingia siku ya jana kwenye sistemu na siku ya leo kwenye buku: jana inakuwa kijani, leo inakuwa nyekundu. Lori lisipokuja, hakuna kitu. Ndiyo maana haikuwa kila siku, na ndiyo maana kilikuwa kigumu kuonekana.

"Papa, hii saa uliiona?"

"Ile ya mashini? Iko ya Kinshasa. Ya hapa iko ku mukono yangu."

"Na haukusema?"

"Nilisema na ule mwenye alikuya kutufundisha. Alijibu: Papa, usishugulike, sistemu inajua."

Ingekuwa hadithi nzuri kama ningeishia hapo, mzee aliyejua na vijana wasiosikia. Sivyo kabisa. Papa aliona saa imekosea, lakini hakuwa amefikiri kwamba inahamisha lita. Kwake ilikuwa ni kasoro nyingine tu ya mashini, kama herufi P ya kibodi inayohitaji kubonyezwa mara mbili. Na kibanda chake kilikuwa na mambo yake. Pompisti watatu wanatumia akaunti moja, na nenosiri limeandikwa kwenye kipande cha katoni nyuma ya skrini. Mega za intaneti zikiisha katikati ya usiku, boni zinachomwa kwenye msumari ukutani, na yeyote anayefika asubuhi anaziingiza zote kwa mkupuo, na seva inaziandikia saa ya kuingizwa, si saa ya kujazwa. Yaani hata saa ya seva ikirekebishwa, zipo siku ambazo mambo hayatalingana. Nilihesabu boni zilizokuwa kwenye msumari usiku ule: tatu, moja ya juzi.

Ripoti yangu ilikuwa kurasa mbili na jedwali moja lisilo na rangi. Nikaituma Ijumaa asubuhi. Jumatatu nikaieleza kwa sauti isiyokatika, kwa mara ya kwanza, na ninakumbuka kimya kilichofuata. Kisha mtu mmoja akacheka, akasema, "Yaani hata seva inauliza ya kwenu ao ya kwetu?" Wote wakacheka. Mimi pia. Watu wale ambao kila wiki wanauliza saa 8 ni ya nani walikuwa wamekaa mwaka mzima wakisoma tarehe za mashini bila kuuliza ni za nani, nami nikiwa wa kwanza wao.

Kurekebisha ndiko kulikochosha. Kijana wa informatiki Kinshasa alijibu siku hiyohiyo: seva haiguswi. Na alikuwa na haki nusu. Ukiisogeza seva ije saa yetu, utaharibu yadi ya Matadi, ambayo iko saa moja na Kinshasa. Njia iliyo sahihi inajulikana kwa kila anayetengeneza programu: hifadhi kila tukio kwa saa ya dunia, UTC, kisha kila kituo kionyeshwe kwa saa ya mahali pake. Orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta dunia nzima ina jina Africa/Kinshasa, na ina jina Africa/Lubumbashi, kila moja peke yake. Mji wetu umeandikwa humo kwa jina lake. Programu tuliyonunua haikuwa na nafasi ya kuchagua jina hilo kwa kila kituo. Nikajaza fomu ya ombi la mabadiliko. Kwenye fomu kuna kisanduku cha uzito wa jambo, nikaandika "juu". Ikarudi imeandikwa "chini", kwa maelezo kwamba jambo halisimamishi kazi. Aliyetuuzia programu akatuma bei yake, kwa siku za kazi na kwa dola, na mkurugenzi wa fedha akaifunga barua pepe ile, nadhani kwa upole.

Suluhisho lililokubaliwa lilitoka kwa DG mwenyewe na halikugharimu hata faranga: depo ifunge siku yake saa 1 ya usiku badala ya usiku wa manane. Saa 1 yetu ndiyo usiku wa manane wa seva. Mstari wa buku na mstari wa sistemu vitakutana. Kwa hesabu ni sahihi kabisa na sikuwa na la kupinga. Nilisema tu kwamba maana yake mzee atapanda ngazi ya tanki saa 1 ya usiku wa Julai, si saa 24. Nikajibiwa kwamba ni saa moja tu.

Tangu hapo namba zinalingana, isipokuwa siku za msumari. Zinabaki tofauti ndogo za fimbo, lita kumi na kitu, thelathini. Hizo nimeacha kuzifukuza. Mazutu husinyaa yakipoa, karibu lita 0.8 kwa kila lita 1,000 kwa kila nyuzi moja, na mzigo ulioshushwa kwenye jua la mchana ukipimwa usiku wa baridi lazima uonyeshe upungufu bila mtu kuugusa. Dashibodi nimeibadilisha. Tofauti ya upande wowote sasa ina rangi moja na namba yake inaonekana. Mkurugenzi wa fedha hakuipenda, anasema inachanganya. Kuhusu kumkata Papa mshahara, jambo halikutajwa tena. Halikufutwa wala kuombewa radhi, liliacha tu kutajwa. Mama wa uhasibu ndiye aliyempigia simu, kwa hiari yake: "Papa, ile mambo imekwisha. Lala muzuri."

Nilirudi yadini mwisho wa mwezi kuona msumari. Boni mbili. Buku lilikuwa wazi mezani, na kwenye kila ukurasa Papa alikuwa amepiga mistari miwili: mmoja kwa Bic nyeusi baada ya boni ya mwisho kabla ya usiku wa manane, mwingine kwa nyekundu chini yake, saa 1. Jumla alikuwa ameiandika kwenye ule mwekundu, kama alivyoagizwa. Nikamwuliza huu mweusi ni wa nini tena.

"Ule mweusi njo mwisho ya siku," akasema. "Mwekundu njo ya Kinshasa."

Akaongeza makala kwenye mbabula. Ilikuwa 00:25, na malori mawili yalikuwa yanaingia getini.